Kabati la chuma likikataa kufunga, tazama kwanza chini ya miguu yake

Ingia katika ofisi ya chama, madrasa, zahanati au duka la jumla katika mitaa yetu ya pwani, kisha inama utazame chini ya kabati la chuma. Mara nyingi utakuta mguu mmoja umetiwa kitu: boksi lililokunjwa mara nne, kipande cha kigae kilichovunjika, kijiti cha ubao, au sarafu mbili tatu zilizopangwa. Tumeizoea hali hiyo mpaka hatuioni tena. Droo ikijifungua yenyewe tunaisukuma kwa goti. Mlango ukikataa kufunga tunamwita fundi wa kitasa.

Fundi wa kitasa atakuja, atapiga tupa, atalipwa, na baada ya miezi michache mlango utakataa tena, kwa sababu ugonjwa uko sakafuni. Kuutibu ni kazi ya saa moja au mbili, na vifaa vyake vinapatikana kwa fundi yeyote wa vyuma mtaani. Kuuacha ni hatari, hasa pale penye watoto.

Uzito tunaouchezea

Tuanze na hesabu ndogo. Rimu moja ya karatasi za A4 za kawaida, zile za gramu 80, ina karatasi 500. Uzito wake ni kilo 2.5 na unene wake ni karibu sentimita 5. Droo ya kabati la faili ina nafasi ya karibu sentimita 60 kwa ndani, kwa hivyo ikijaa sawasawa inabeba karatasi za rimu 12 hivi, yaani kilo 30. Droo nne zikijaa ni kilo 120, na chuma chenyewe bado hatujakihesabu. Huo ni uzito wa mifuko miwili ya simiti na ziada, uliosimamishwa wima juu ya miguu minne midogo.

Sasa tazama kabati la nguo au la vitabu, lile la milango miwili. Tuseme ni tupu, lina uzito wa kilo 50, na kina chake kutoka mbele hadi nyuma ni sentimita 45. Kila mlango una upana wa sentimita 45. Mtoto wa kilo 25 akiufungua mlango na kuning'inia kwenye ncha yake, uzito wake uko sentimita 45 mbele ya kabati, na uzito wa kabati uko sentimita 22.5 nyuma ya ukingo wa mbele. Hapo mizani imelingana: 25 mara 45 ni sawa na 50 mara 22.5. Mtoto akiongeza kujitikisa kidogo tu, kabati linamfuata. Na hapo hatujahesabu uzito wa mlango wenyewe, ambao nao umesogea mbele.

Hiyo ni sakafu iliyo sawa. Kama miguu ya mbele iko chini kuliko ya nyuma kwa sentimita 1 tu, kabati la urefu wa sentimita 180 linatangulia mbele kwa sentimita 4 kule juu. Mizani inaharibika zaidi, na sasa mtoto wa kilo 22 anatosha kuliangusha. Sentimita moja ya sakafu imeondoa kilo tatu katika usalama wake.

Wenzetu walijifunza jambo hili kwa machungu. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA iliwaita wateja wake wa Marekani warejeshe au wafunge ukutani makabati ya droo yapatayo milioni 29, baada ya watoto kuangukiwa na kufa. Mwisho wa mwaka 2022 ikatiwa saini huko sheria inayoitwa STURDY, inayotaka makabati ya nguo yajaribiwe droo kadhaa zikiwa wazi, kwa uzito wa mtoto wa hadi pauni 60, ambazo ni kama kilo 27, na jaribio lizingatie pia kabati linapokaa juu ya zulia. Zulia limetajwa kwa sababu linabadilisha jinsi miguu inavyokaa. Hata waliotunga sheria walielewa kuwa kabati haliwezi kupimwa bila kuifikiria sakafu yake.

Kuyumba na kuinama ni mambo mawili

Watu wengi huyachanganya haya, na ndiyo maana tiba haifanyi kazi.

Kuyumba ni pale mguu mmoja haugusi chini. Ukilisukuma kabati kona moja linagonga, ukiliachia linarudi. Wazee wetu walilijua hili jikoni: mafiga ni matatu, na chungu hakiyumbi hata ardhi ikiwa ya mabonde. Vitu vitatu vikigusa chini, vyote vitatu vinagusa daima. Cha nne ndicho kinacholeta fitina. Kabati linaloyumba hukaa zaidi juu ya miguu miwili iliyo kimshazari, kwa hivyo uzito uliokusudiwa miguu minne unabebwa na miwili. Hapo ndipo kigae kinapopasuka na mguu wa chuma unapopinda.

Kuinama ni pale miguu yote minne inagusa chini, kabati limetulia kabisa, lakini sakafu yenyewe ina mteremko. Hili ni baya zaidi kwa sababu halina kelele. Kabati linaweza kuinama mbele kwa miaka bila mtu kulishuku.

Meza ndogo ya mraba inayoyumba unaweza kuitibu kwa kuizungusha polepole mahali ilipo. Wataalamu wa hesabu wamethibitisha kwamba kama miguu yake ni sawa na sakafu haina ngazi, kabla hujamaliza robo ya mzunguko utapata mahali ambapo miguu yote minne inagusa. Lakini kabati lina mgongo wake na ukuta wake, halizungushwi. Hilo linahitaji kupimwa na kuinuliwa.

Mlango haufungi kwa nini?

Kabati la chuma limetengenezwa kwa bati lililokunjwa. Likikaa sawa, ni imara. Likikalia miguu miwili ya kimshazari, umbo lake lote linajipinda kidogo, mlango mmoja unaonekana juu kuliko mwenzake, na ulimi wa kitasa unapita pembeni ya tundu lake. Fundi akilipanua tundu kwa tupa, amelifanya kabati likubali kufunga likiwa limepinda. Siku utakapolihamisha, kitasa kitalegea.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Chukua kamba, pima uso wa kabati kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kona ya juu kulia hadi ya chini kushoto. Vipimo vikilingana, umbo limenyooka na huenda kitasa ndicho kibovu. Visipolingana, achana na kitasa, shuka chini.

Sakafu zetu zina historia yao

Nyumba za mawe za Mji wa Kale Mombasa na Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zikabebwa na boriti za mikoko. Juu ya boriti yalipangwa mawe, kisha ikamwagwa chokaa na kushindiliwa. Boriti hulegea katikati kadiri miaka inavyopita, kwa hivyo katika vyumba hivyo mara nyingi utakuta sakafu iko juu kandokando ya kuta na imezama katikati. Kabati lililoegemezwa ukutani linainamia ndani ya chumba, yaani mbele, upande ule ule wa hatari.

Nyumba za simiti nazo zina yake. Uani, jikoni na mabarazani fundi huweka mteremko kwa makusudi ili maji ya deki na mvua yatoke. Chumba kilichokuwa uani kikazibwa na kufanywa ofisi bado kina mteremko ule. Sakafu yenye vigae nayo inaweza kudanganya jicho, maana kigae kimoja kikikaa juu kuliko mwenzake kwa milimita mbili, mguu ukaangukia ukingoni, kabati linayumba. Kisha kuna zulia na mkeka: miguu ya nyuma ikikaa juu ya zulia na ya mbele ikabaki nje, umeshatengeneza mteremko bila kumwaga simiti.

Kupima

Pima sakafu kabla ya kuliweka kabati. Chombo cha kazi ni pima maji, na iliyo ndefu ni bora. Kama ni fupi, ilaze juu ya ubao ulionyooka. Ihakiki kwanza: iweke, tazama kipovu, kisha igeuze kichwa kiwe mkia palepale. Kipovu kikirudi mahali palepale, chombo ni cha kweli. Simu nyingi za kisasa pia zina programu ya kupima usawa, nayo ihakiki kwa kuigeuza vivyo hivyo.

Kwa chumba kikubwa, waashi wetu wana njia ya mpira wa maji unaopitisha mwanga. Ujaze maji bila mapovu, shika ncha mbili juu, na maji yatasimama kwa kimo kimoja pande zote mbili hata zikiwa mbali. Weka alama ukutani, kisha pima kutoka alama hadi sakafuni. Huna hata hivyo? Weka gololi sakafuni katika sehemu tatu nne na uone inakokimbilia. Haitakuambia ni milimita ngapi, lakini itakuonyesha upande.

Tafuta mahali palipo juu zaidi kati ya sehemu nne ambapo miguu itakaa. Hapo ndipo msingi. Mguu wa hapo hautiwi kitu, na mitatu mingine inainuliwa mpaka iufikie.

Nini kitiwe chini ya mguu

Boksi lisitumike. Hewa yetu ya bahari ina unyevu na tunapiga deki kila siku, na boksi hulowa, hulegea na kulaliana mpaka kimo ulichopima kinapotea. Mbao laini huvimba na kunywea, na mchwa akiupata ubao uliofichika chini ya kabati hana haraka. Kigae na jiwe la tumbawe hupasuka chini ya uzito wa mahali padogo. Sarafu ni ngumu, ila ni ndogo, zinateleza, na rundo la sarafu ni ngazi ya kuangukia.

Kinachofaa ni kipande cha chuma bapa, kikubwa kidogo kuliko mguu wenyewe, cha unene uliopimwa. Ukihitaji milimita 6, kata kipande kimoja cha milimita 6 badala ya kupanga sita vya milimita moja, kwa kuwa vipande vingi huteleza kimoja juu ya kingine. Kipakwe rangi ya kuzuia kutu pande zote. Chini yake weka kipande chembamba cha mpira mgumu au plastiki ngumu, ili chuma kisinywe maji ya deki, kisichubue kigae na kisiteleze. Hapa pwani chumvi huanza kula makabati kutoka miguuni, na mguu ulioliwa na kutu unakuwa mfupi, kisha kabati linaanza kuyumba upya.

Njia bora zaidi ni miguu ya kurekebishika. Fundi wa kuchomelea anatia nati katika kila kona ya chini, anapitisha boliti yenye kisahani chini yake, na nati ya pili ya kukaza. Boliti ya milimita 12 yenye meno ya kawaida hupanda milimita 1.75 kwa kila mzunguko mmoja, na ya milimita 10 hupanda milimita 1.5. Ukishajua sakafu imepungua milimita 7, unajua ni mizunguko minne ya ile ya 12. Ukimaliza, kaza nati ya pili, la sivyo mtikisiko utairudisha.

Tofauti ikizidi sentimita 2 usiendelee kurundika vipande. Tengeneza kiunzi cha chuma kilicho sawa kabati likikalie, au mwite mwashi aisawazishe sehemu hiyo ya sakafu.

Kuinua bila kuumia

Toa vitu vyote na uchomoe droo. Usilisogeze kabati lililojaa hata kama mna vijana wanne wenye nguvu. Waondoe watoto chumbani.

Kazi ifanywe na watu wawili. Mmoja anainua kona kwa mtaimbo uliokalia kipande cha ubao, kiasi cha kupitisha chuma tu, na mwenzake amelishika kabati kwa juu lisitangulie. Kipande kisukumwe kwa kijiti au bisibisi, kamwe si kwa vidole. Kwa sefu nzito tumia jeki ya gari yenye ubao juu yake, na kila unapoinua kidogo tia kizuizi chini, ili jeki ikiteleza sefu isishuke.

Ondoa kuyumba kwanza. Jaribu kupitisha karatasi chini ya kila mguu: inapopita bila kukwama, mguu huo hewani. Kisha weka pima maji kushoto kwenda kulia mpaka kipovu kisimame katikati, halafu mbele kwenda nyuma. Mbele kwenda nyuma, wacha kabati liegemee ukuta kwa milimita mbili tatu. Hapo droo zitabaki ndani na uzito utakuwa upande salama. Funga na ufungue milango. Mara nyingi kitasa kilichokuwa kikigoma kitaingia chenyewe.

Rafu na vitanda vya deka vinavyofungwa kwa boliti vina utaratibu wao: legeza boliti zote kwanza, acha kiunzi kikae, kisawazishe, kisha kaza. Ukikaza kabla ya kusawazisha, umekifunga kikiwa kimepinda. Kitanda cha deka kinachoyumba hulegeza maungio yake kila mtoto wa juu anapojigeuza, usiku baada ya usiku. Mabweni yakaguliwe kila muhula.

Kusawazisha hakutoshi

Kabati refu lifungwe ukutani, hata likiwa sawa kabisa. Kwa ukuta wa matumbawe wenye lipu nene ya chokaa, skrubu inayoishia kwenye lipu haishiki kitu. Tundu lipite lipu mpaka ndani ya jiwe, na skrubu iwe ndefu. Pale ukuta usipofaa, funga makabati mawili mgongo kwa mgongo kwa boliti, upana wa chini uwe mara mbili. Vitu vizito viwe chini, na droo ifunguliwe moja kwa wakati.

Sefu au kabati zito katika ghorofa ya nyumba ya zamani likae karibu na ukuta zinakokalia ncha za boriti, juu ya mbao nene zinazovuka boriti kadhaa, wala si katikati ya chumba. Ukiona ufa darini chini yake au vumbi la chokaa linadondoka, lisawazishwe baadaye. Kwanza liondolewe, kisha aitwe mtu anayejua majengo.

Nani aulizwe?

Kwetu kabati hununuliwa kwa harambee au kwa pesa za kamati, linaletwa kwa mkokoteni, vijana wanalisukuma ukutani, mtu anatia sahihi na gari linaondoka. Hakuna aliyeambiwa kwamba kusawazisha ni kazi yake. Muuzaji anasema ni sakafu yenu, mwenye nyumba anasema ni kabati lenu, na mwalimu anakunja boksi.

Rai yangu ni kwamba anayetia sahihi ndiye ashike jukumu. Asipokee kabati mpaka limejaribiwa mahali litakapokaa: kona nne zibonyezwe, milango ifungwe bila kusukumwa, na droo moja ifunguliwe nusu ionekane kama inabaki pale ilipoachwa. Gharama ya vipande vinne vya chuma na matundu mawili ya ukutani iingizwe katika bajeti ile ile ya kununua. Kamati za madrasa na shule zifanye ukaguzi huo kwa makabati ya zamani pia, kwa kuanza na yale yaliyo katika vyumba wanamokaa watoto wadogo. Jaribio la kona nne halichukui hata dakika moja, na linaweza kufanywa leo kabla ya kufunga ofisi.